Saa ya nani? Mkataba wa huduma katika gridi yetu ya kompyuta

Usiku wa kuamkia siku ya mishahara, miaka miwili iliyopita, kompyuta zetu, zinazoandaa orodha ya mishahara ya mteja wetu mmoja, zilikwama kuanzia saa saba kasoro dakika kumi hadi saa kumi kasoro dakika ishirini. Asubuhi yake mhasibu mkuu wa shamba moja la mkonge, upande wa Korogwe, alipanda basi mpaka ofisini kwetu Chumbageni, Tanga, akiwa na daftari lake la jalada gumu kwapani, kwa sababu wakata mkonge waliopanga foleni tangu alfajiri walikuwa wameambiwa warudi mchana. Mwezi ulipokwisha nilimpelekea ripoti iliyoonyesha kwamba huduma ilipatikana kwa asilimia 99.6, ilhali mkataba ulidai asilimia 99.5. Kwa hesabu ya mkataba, tulikuwa tumetimiza ahadi na kuvuka. Aliisoma yote, akaikunja, akaniambia: "Mwanangu, mimi sikukuomba mashine zikae macho mwezi mzima. Nilikuomba orodha ya mishahara iwe mezani kwangu kabla ya saa moja asubuhi."

Sikumbuki siku nyingine niliyoona haya kazini kama siku ile.

Nieleze kwanza gridi yenyewe. Kampuni tatu, yaani sisi mawakala wa forodha, kampuni moja ya malori na mshirika wetu wa Dar es Salaam, tuliunganisha seva zetu, yaani kompyuta kubwa za kazi, ili kazi nzito za usiku ziende kwenye mashine yoyote iliyo na nafasi, na nafasi inayobaki tukawauzia wateja kama shamba lile. Kila seva imebaki mali ya mwenyewe, katika chumba cha mwenyewe, chini ya fundi wa mwenyewe. Mkazi wa Tanga hana haja ya kuelezwa sana neno gridi, kwa maana mtambo wa Hale umekuwa ukizalisha umeme tangu mwaka 1964, ukiwa na uwezo wa megawati 21, na ule wa New Pangani Falls, wa megawati 68, ulianza mwaka 1995, lakini anayewasha taa Ngamiani haulizi taa yake imewashwa na maji ya wapi. Wanasayansi wa kompyuta Ian Foster na Carl Kesselman, waliolieneza wazo la gridi ya kompyuta katika miaka ya 1990 huko Marekani, walikuwa na mfano huohuo wa umeme. Mwaka 2002 Foster aliweka masharti matatu ya kuutambua mfumo unaostahili kuitwa gridi: unaunganisha rasilimali zisizo chini ya mamlaka moja, unatumia kanuni za mawasiliano zilizo wazi kwa wote, na unatoa ubora wa huduma wa maana kwa mtumiaji. Wengi huyakumbuka mawili ya kwanza. Mimi ninaliona la tatu kuwa ndilo gumu, kwa sababu la kwanza linalipinga: utamwahidije mteja ubora wa kitu ambacho mwenyewe anaweza kukichukua wakati wowote?

Katika gridi za utafiti swali hili halikuwa na makali sana. Mradi wa SETI@home ulioanza mwaka 1999 ulitumia kompyuta za watu wa kawaida majumbani kuchambua mawimbi ya redio kutoka angani, na kompyuta moja ikizimwa, kipande chake cha kazi kilipelekwa kwa mwingine, na hakuna aliyelala njaa kwa sababu jibu limechelewa kwa siku mbili. Biashara haina subira hiyo. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya ulipogharimia mradi wa BEinGRID, ulioanza mwaka 2006 ili kuijaribu gridi katika biashara halisi, mikataba ya kiwango cha huduma, yaani ahadi za maandishi kuhusu ubora anaodai mteja, ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoshughulikiwa kwa karibu.

Sasa nirudi kwenye ile asilimia. Mwezi wa siku 30 una saa 720. Ukiahidi asilimia 99.5, umejiruhusu kukwama kwa saa 3 na dakika 36, na mkataba wetu haukusema popote kwamba saa hizo zisiangukie usiku wa mishahara. Sisi tulikwama kwa saa 2 na dakika 50 tu, zote mahali pabaya kuliko pengine popote. Siku nyingine 29 mashine zilikuwa nzima na nyingi zilikesha bila kazi, na ule uzima usio na faida kwa yeyote ndio uliotupa alama nzuri. Nimefikia kuamini kwamba katika gridi ya biashara, asilimia ya upatikanaji ni kipimo cha fundi, nacho kibaki kwa fundi. Mteja aahidiwe kazi yake, ya aina fulani na ukubwa fulani, ikamilike kabla ya saa fulani.

Hata hiyo asilimia yenyewe tuliiahidi bila kupiga hesabu. Orodha ya mishahara ilitegemea vitu vitatu vilivyofuatana kama pete za mnyororo: umeme, njia ya mawasiliano kwenda Dar es Salaam, na seva. Kila kimoja kikiwa na asilimia 99.5, vyote kwa pamoja havitoi 99.5, bali unazidisha na kupata takriban 98.5, ambayo ni karibu saa 10 na dakika 45 za kukwama kwa mwezi. Tulikuwa tumeuza tusichokuwa nacho. Dawa inayojulikana ni kuwa na njia mbili, kwa kuwa njia mbili za asilimia 98.5 kila moja, zisizotegemeana, zinatoa zaidi ya 99.9. Uzito wote uko kwenye maneno hayo, zisizotegemeana. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za chini ya bahari zinazohudumia pwani yetu ziliharibika siku moja, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota nchini kwa siku kadhaa. Waliokuwa wamekodi njia mbili kwa kampuni mbili tofauti waligundua kwamba ankara zilikuwa mbili lakini bahari ilikuwa moja. Tangu hapo siandiki "njia mbadala" kwenye mkataba bila kuuliza inapita wapi, inapata umeme kutoka wapi, na funguo za chumba chake anazo nani saa nane za usiku.

Tulipokaa kuandika mkataba upya, tuliazima mpangilio wa WS-Agreement, kanuni iliyotolewa mwaka 2007 na Open Grid Forum, jumuiya ya wataalamu wanaoweka viwango vya gridi. Imeandikwa ili kompyuta zikubaliane zenyewe kwa zenyewe, lakini muundo wake unafaa hata kwa watu walioketi mezani na chupa ya chai. Kila dhamana ndani yake ina sehemu nne: inahusu huduma gani, inastahili kudaiwa kwa sharti gani, lengo lake ni lipi, na ikitimizwa au ikivunjwa kuna thamani gani ya kibiashara. Sehemu ya pili, sharti la kustahili, ndiyo iliyotuchukua jioni tatu nzima.

Ugomvi wetu na shamba ulikuwa huu: wao walisema kazi imechelewa, sisi tukasema faili la mahudhurio limechelewa kuletwa. Karani wao hutuma faili saa mbili usiku, lakini mara nyingine lina safu iliyokosekana, tunalirudisha, linakuja tena saa nne. Saa ianze kuhesabiwa lini? Katika Tanga jibu lilikuwa hatua chache kutoka mlangoni petu, kwa maana watu wa bandari walishalitatua jambo hili zamani: muda aliopewa mkodi wa meli kupakia na kupakua hauanzi nahodha anapoiona bandari, huanza baada ya kutoa taarifa rasmi kwamba meli imefika na iko tayari, kwa utaratibu ulioandikwa, na mkodi akizidisha muda huo hulipa. Nasi tukaweka stakabadhi. Faili likifika hukaguliwa na programu, likipita, pande zote mbili hupata stakabadhi yenye muda uleule, na hapo ndipo saa inapoanza. Stakabadhi ikitolewa kabla ya saa tatu usiku, orodha iwe tayari saa moja asubuhi. Ikitolewa baadaye, kila dakika ya kuchelewa kwao inaongezwa kwenye muda wetu.

Tulidhani tumemaliza, mpaka nilipokaa usiku mmoja kufuatilia kazi moja kutoka mwanzo hadi mwisho, nikaona kumbukumbu zinasema imekamilika kabla haijaanza. Seva ya kampuni ya malori ilikuwa nyuma kwa dakika saba. Hakuna aliyeilinganisha saa yake na seva ya saa ya mtandao tangu ibadilishiwe betri ndogo ya ubao mama. Dakika saba si kitu kwa mtu anayesubiri basi, lakini mkataba wetu sasa ulikuwa unatoza fidia kwa dakika, kwa hiyo kulinganisha saa za seva zote kumekuwa kifungu cha kwanza, kabla hata ya bei.

Kuhusu fidia, tulianza kwa kuweka kiwango kimoja kwa wateja wote, tukidhani ndiyo haki. Kumbe programu inayogawa kazi, ikibanwa na nafasi, huitupa kazi ambayo fidia yake ni ndogo, na kama fidia ni sawa, huitupa yoyote. Mwisho wa mwezi ndipo kila mtu anapohitaji mashine: malori wanafunga hesabu za mafuta, sisi tunalinganisha ankara, shamba linalipa mishahara. Ankara zetu zinaweza kusubiri mpaka adhuhuri, na mkata mkonge aliyetoka nyumbani bila chai hawezi. Ilitubidi tukubali, na haikuwa rahisi kwa wakubwa wetu, kwamba fidia ya mishahara iwe mara kumi ya fidia ya kazi zetu wenyewe, na kwamba mwenye seva, akishaikodisha nafasi ya usiku huo mapema, haruhusiwi kuichukua tena bila kulipa kiasi hichohicho. Mshirika mmoja alitaka kujitoa kwa sababu ya kifungu hiki. Namwelewa, seva ni yake. Hata hivyo, bila kifungu hiki tungekuwa na urafiki mzuri wa kuazimana mashine, na mteja asingekuwa na chochote cha kushika.

Kazi yangu ya kila siku nayo imebadilika. Zamani kusimamia mkataba kulikuwa kuandika ripoti mwezi ukiisha, yaani kumweleza mtu madhara ambayo yamekwisha kumpata. Siku hizi tuna lengo letu la ndani, saa kumi na moja alfajiri, ambalo mteja halijui wala halidai. Saa saba usiku programu inaangalia orodha imefika wapi, na isipofika nusu, kazi inahamishiwa mashine nyingine kuanzia hatua ya mwisho iliyohifadhiwa, huku simu ya fundi wa zamu ikiita. Usiku ule wa miaka miwili iliyopita, hatua hiyo peke yake ingetosha.

Swali la nani apime bado linatusumbua. Programu yetu ya kupima ilikuwa ndani ya chumba kilekile cha seva, ikimwuliza jirani yake kama yuko hai. Tumeihamishia Korogwe, kwenye kompyuta ya mhasibu, na kila mwezi tunalinganisha kumbukumbu zake na daftari la mzee, ambaye hajaacha kuandika kwa kalamu muda aliotuma na muda aliopokea. Mwezi uliopita tuliafikiana siku zote isipokuwa moja. Kumbukumbu zilisema orodha ilifika saa kumi na mbili na dakika 58, daftari likasema saa moja na dakika nne, kwa sababu yeye huhesabu inapotoka kwenye printa. Mkataba unasema "mezani". Tulimlipa dakika nne, na wiki ijayo napanda basi kwenda Korogwe tukubaliane kuhusu printa.