Brahma na Leghorn kwenye banda moja

Wengi wanaoanza kufuga kuku wa mbegu za kale nyuma ya nyumba huchagua kwa macho: Brahma mwenye manyoya hadi vidoleni, Leghorn mweupe, Polish mwenye kishungi, na Silkie kwa ajili ya watoto. Hakuna ubaya, ila jogoo wa Brahma huweza kupita kilo 5 na Silkie hafikishi 2, na banda ni hilo hilo. Vipimo vyote vipange kwa kumfikiria aliye mzito zaidi, kisha umwangalie mnyonge.

Ndani, kuku 3 kwa mita 1 ya mraba ndio mwisho. Wakiwa Brahma watupu, 2. Kwenye fito za kulalia kila kuku apate sentimita 25, mzito 30. Tumia mbao zenye upana wa sentimita 5, kingo zipigwe msasa, na zote zikae kimo kimoja, kama sentimita 60 kutoka chini, pamoja na ubao wa kupandia. Ukizipanga kwa ngazi, kila mmoja atagombea ya juu, na Brahma akiipata, asubuhi uzito wote unatua kwenye nyayo. Mchubuko mdogo ukiingiwa na bakteria hugeuka uvimbe mgumu wenye kigaga cheusi, na kuutibu si kazi ya siku mbili. Silkie haruki, atalala chini. Mwache, mradi maranda ni makavu, kwa sababu manyoya yake hayazuii maji.

Viota viwe chini kuliko fito, kimoja kwa mitetea 4, la sivyo watalala humo na utaokota mayai yenye kinyesi.

Kundi mchanganyiko huharibikiwa kimya kimya kwenye chakula. Chakula cha mitetea wanaotaga kina kalsiamu karibu asilimia 4. Anayetaga anaitumia kutengeneza ganda. Kuku anayekua hana pa kuipeleka, na figo zake ndizo zinazoumia. Mbegu nyingi za kale huchelewa kutaga, wengine hupita miezi 7, kwa hiyo karibu kila wakati utakuwa na wa umri tofauti pamoja. Wape wote chakula cha kukuzia chenye protini asilimia 16 hadi 18, na magamba ya chaza yaliyopondwa, ndiyo kalsiamu ya wanaotaga, yakae kwenye chombo chake pembeni. Usiyachanganye na chakula. Mtetea anayetaga atayafuata mwenyewe. Kuku mzima hula gramu 110 hadi 130 kwa siku, Brahma zaidi kidogo. Vyombo vya chakula viwe viwili, vya maji viwili, mbali mbali: mbabe mmoja hawezi kulinda sehemu mbili.

Kuku wapya watenge siku 30 kabla ya chochote. Sikiliza chafya, angalia povu machoni, fungua manyoya chini ya mkia utafute utitiri na chawa. Kisha wakae wiki 2 wakionana na wenyeji kupitia waya. Usiingize mmoja peke yake. Wawili au watatu hugawana kipigo. Ule ushauri wa kuwapandisha kwenye fito usiku ili waamke wamezoeana siuamini sana, kukicha wanatambuana vizuri tu. Afadhali uwaunganishe uwanjani asubuhi, kwenye nafasi, ukiwepo. Damu ikionekana, toa aliyejeruhiwa papo hapo, maana wengine hawaachi kudonoa chekundu. Mbabe sugu mtenge siku 4 au 5. Akirudi, mara nyingi cheo chake kimeshachukuliwa.

Polish ndiye huonewa kuliko wote. Kishungi kinamziba, haoni anayemjia kutoka juu au ubavuni. Punguza kwa mkasi manyoya yaliyo mbele ya macho, ila yanayochipua usiyaguse, bado yana damu ndani.

Jogoo mmoja anatosha mitetea 8 hadi 10, na jogoo wa Brahma asikae na Silkie hata kidogo, atamchana mgongo. Ukitaka vifaranga wa mbegu moja, kumbuka manii ya jogoo wa awali yanaweza kubaki ndani ya mtetea hadi wiki 3. Mtenge pamoja na jogoo wa mbegu yake, mayai ya wiki hizo 3 yapeleke jikoni, ndipo uanze kukusanya ya kuatamisha.