Bustani iliyoning'inia kwenye kreni

Jamani mnamjua Diarmuid Gavin? Ni mbunifu wa bustani, mtu wa Ireland, kakulia Dublin, umaarufu wake ulikuja sana kupitia vipindi vya bustani vya BBC, anaingia nyuma ya nyumba ya mtu anabadilisha kila kitu mpaka majirani wanashangaa.

Ila kazi iliyonimaliza ni ya 2011, maonyesho ya maua na bustani ya Chelsea kule London. Jamaa kapanda mimea ndani ya kitu kama chombo cha angani, rangi ya waridi, kikanyanyuliwa juu na kreni na watu wamekaa humo humo! Wengine wakaona ni vituko tu (hata mimi kidogo), na bado akapewa medali ya dhahabu.

Sasa huku Dodoma viwanja vinajengwa kila siku, Iyumbu, Nala, na wengi tukimaliza nyumba tunamwaga pevingi geti mpaka jikoni halafu tunalia joto. Mvua yetu ni kama Desemba mpaka Aprili basi, kwa hiyo ukoka wa kumwagilia kila jioni siushauri, bora bogonvilia, mkonge na mwarobaini wa kivuli. TV zetu zimtafute mtu wa hivyo, mimi nitaangalia kila wiki.