Dakika 90 za miaka ya 70: nilivyounganisha santuri za mjomba

Ukimwambia mtu unataka kukusanya muziki wa dansi wa miaka ya 1970, jibu analo mdomoni: "Ziko tele mtandaoni, pakua tu." Nimeambiwa hivyo na ndugu, na majirani, na kijana mmoja anayejaza nyimbo kwenye flashi. Yule kijana nilimlipa, elfu tano au saba hivi, akanijazia nyimbo mamia. Nikaziweka kwenye gari, safari ya Tanga, na kabla sijafika Chalinze nilikuwa nimeshakasirika. Wimbo unaanza vizuri, mwimbaji anasimulia kisa chake, gitaa la solo ndiyo kwanza linaanza kupanda, kisha sauti inafifia na wimbo umekwisha! Nyingine zina sauti ya DJ anayejitaja jina kila baada ya ubeti. Na nyingine si za miaka ya 70 hata kidogo. Ni nyimbo zilezile zilizorudiwa studioni miaka mingi baadaye, tarumbeta zimeondolewa na kinanda kimekaa mahali pake. Anayezijua za mwanzo haimchukui sekunde kumi kutambua.

Leo ninao mkusanyiko wangu mwenyewe. Ni dakika 90 kamili, kila wimbo uko mzima tangu gitaa la kwanza mpaka tarumbeta ya mwisho, na nasema bila kuona haya kwamba sijasikia wa mtu mwingine unaoufikia.

Sababu ya nyimbo kukatika ndiyo iliyonifungua macho. Wimbo wa dansi wa enzi ile una sehemu mbili. Kwanza unaimbwa taratibu, kisa kinaelezwa, waimbaji wanapokezana. Halafu inakuja chemko: magitaa yanaachiwa, tumba zinapamba moto, ndipo watu wanapoinuka vitini. Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika haibebi wimbo wa namna hiyo upande mmoja. Inabeba dakika nne au tano tu. Basi waliozichapa Nairobi wakawa wanaugawa wimbo, upande mmoja "Sehemu ya 1" na upande wa pili "Sehemu ya 2". Bendi za Tanzania nazo zilivuka mpaka kwenda kutoa santuri huko, kwa kuwa huku nyumbani Radio Tanzania Dar es Salaam ilizirekodi kwenye tepu kwa ajili ya kurushwa hewani, na kiwanda cha kuchapa santuri hatukuwa nacho. Sasa aliyeupeleka wimbo mtandaoni mara nyingi aliishia upande wa kwanza. Akakuachia kisa, chemko akaiacha kwenye santuri. Anayekwambia "pakua tu" hajawahi kuusikiliza wimbo mpaka mwisho wake.

Mjomba wangu wa Ngamiani, kule Tanga, ana sanduku la santuri. Nilipomwamkia na kumweleza ninachotaka, aliitikia marahaba, akanitazama kwa muda, akauliza, "Unataka kuzisikiliza, mpwa wangu, au unataka kuziuza?" Nikamwambia kusikiliza. "Basi hazitoki humu ndani. Lete hiyo kompyuta yako hapa." Kwa hiyo kazi yote ya kunasa sauti nimeifanya sebuleni kwake, na ilikuwa heri, kwa sababu kila santuri ilikuja na maelezo yake. Tanga ya wakati ule ilikuwa na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, na mjomba ni mtu wa Atomic mpaka leo. Ukimtajia Jamhuri anakubali kwamba ndiko walikopitia akina Wilson na George Kinyonga kabla ya kwenda kuanzisha Simba Wanyika Nairobi mwaka 1971, halafu papo hapo anabadilisha mazungumzo.

Santuri zilikuwa na vumbi la miaka. Maji safi, tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, unafuta kwa kufuata mistari na hulowanishi karatasi ya katikati. Fundi mmoja alinishauri nitumie spiriti kwa zote. Usithubutu. Hizi za mizunguko 45 ni plastiki na zingeweza kuvumilia, lakini mjomba ana na zile nzito za mizunguko 78 za enzi ya kina Salum Abdallah, na zile si plastiki, spiriti inazila. Ningemfuata huyo fundi ningeharibu mali ya watu.

Fundi huyohuyo ndiye aliyegusa pleya. Ilikuwa inazunguka kivivu, waimbaji wote wanasikika kama wameamshwa usiku wa manane. Akafungua, akaona mkanda wa ndani umelegea, akaweka mpira wa kufungia noti. Sauti ikawa inayumba, inapanda na kushuka, na yeye anasema ndivyo santuri za zamani zilivyo. Si kweli! Chukua kipande kidogo cha karatasi, kibandike ukingoni mwa sahani ya pleya, washa saa ya simu, hesabu kinapita mara ngapi kwa dakika moja. Inatakiwa 45, basi. Ya kwetu ilikuwa inafika 43 na mara nyingine 47 kwa mpira uleule. Nilikwenda kwa fundi mwingine, mzee mwenye rundo la deki mbovu za kaseti nje ya kibanda chake, akachambua mikanda mpaka akapata inayokaa sawasawa. Hela aliyotaka ilikuwa ndogo mno, nikamwongezea. Tulihesabu tena na mjomba, kila mtu na saa yake: 45.

Hapo ndipo nilipokutana na santuri iliyonipa kazi kuliko zote. Karatasi yake ya katikati imeliwa na mende, kinachosomeka ni "Simba Wanyika" na "Sehemu ya". Upande wa kwanza ni msafi ajabu. Upande wa pili una mkwaruzo mrefu na sindano inaruka palepale chemko inapokolea. Niliuliza Dar, nikamwagiza rafiki aende Soko la Kenyatta kule Nairobi kwenye santuri kuukuu, haikupatikana. Kila mtu akaniambia achana nao, weka upande mmoja, nani atajua? Nitajua mimi, na mjomba atajua.

Yeye ndiye aliyekumbuka kaseti. Aliwahi kuunasa wimbo ule kutoka redioni, na kaseti ikapatikana ndani ya kopo la maziwa ya unga. Chemko yote imo. Lakini kaseti ilikuwa inakwenda kasi kuliko santuri, waimbaji wamekuwa wembamba wa sauti, na magitaa yako juu kwa nusu sauti nzima, yaani hatua moja ya kinanda. Ukiviunganisha hivyohivyo unasikia kama bendi mbili tofauti. Wajuzi wakanishauri nishushe sauti tu kwa programu, mwendo niuache. Hapo pia walikosea. Kaseti ikikimbia, inapandisha sauti na inaongeza mwendo kwa pamoja, kwa hiyo dawa ni kupunguza kasi yenyewe, vyote viwili vishuke pamoja. Nusu sauti ni kama asilimia 6. Nilipunguza hiyo asilimia 6 kwenye Audacity, programu ambayo haiuzwi, kisha nikaendelea kurekebisha kidogokidogo huku nasikiliza besi tu, kwa kuwa besi haidanganywi na mivumo ya kaseti. Ilipokaa, ilikaa.

Kilichobaki ni kiungo. Upande wa kwanza unafifia kabla ya kuisha, na huwezi kumwekea mtu wimbo unaozama halafu unaibuka. Nilichofanya ni hiki, na ninajivunia. Gitaa la rithimu katika nyimbo hizi linarudia mzunguko uleule mwanzo mpaka mwisho, ndilo linaloshika nyumba. Nikatafuta mzunguko wa mwisho ambao bado una nguvu kwenye upande wa kwanza, kabla sauti haijaanza kushuka. Nikakata pale, si kwenye pigo la dramu kama wanavyofundisha watu, bali sekunde ileile gitaa la rithimu linapoanza mzunguko mpya. Kwenye kaseti nikatafuta mwanzo wa mzunguko kama huo, kabla solo haijaingia. Nikavigusanisha. Mivumo ya kaseti ilikuwa inasikika ikiingia ghafla, kwa hiyo nikachukua sekunde chache za mivumo mitupu kutoka mwanzo wa kaseti, nikaitandika chini ya mwisho wa upande wa kwanza, ikiongezeka polepole. Sikio linaizoea kabla ya kiungo kufika.

Nikamwekea mjomba wimbo huo bila kumwambia chochote. Alisikiliza amefumba macho, akawa anatingisha mguu, kiungo kikapita, chemko ikaingia, akaendelea kutingisha. Mwisho wa wimbo akasema, "Kumbe ile santuri ilipatikana." Nilimwonyesha kwenye kioo cha kompyuta mahali pa kiungo akaomba nirudie, akarudia mara kadhaa kukitafuta kwa sikio.

Kuhusu mivumo, jambo moja. Programu zina kitufe cha kusafisha kelele na watu wanakibonyeza mpaka mwisho. Mvumo wa tepu na mlio wa manyanga vinakaa sehemu moja ya juu ya sauti; ukiuondoa mmoja unaondoka na mwingine. Nimesikia nyimbo za Western Jazz zilizosafishwa hivyo, saboso, mtindo wao, bila manyanga, wanamuziki wanasikika kana kwamba wanapiga ndani ya ndoo. Mimi nimeacha mivumo. Nimeondoa tu ile milio mikali ya mikwaruzo, mmoja mmoja kwa mkono.

Uchaguzi wenyewe ulileta ugomvi kuliko ufundi. Nilishika dakika 90 kwa sababu ndicho kipimo cha kaseti ya heshima, 45 kwa 45, na mpaka huo unakulazimisha kuamua. Sharti la pili: wimbo uwe umerekodiwa kati ya 1970 na 1979. Hapo nilipoteza marafiki kwa wiki kadhaa. Watu wengi wakisema miaka ya 70 wanamaanisha ya 80. Wananitajia Sikinde, yaani bendi ya Mlimani Park, na mimi naipenda Sikinde, lakini Mlimani Park ilianza 1978 na nyimbo zake nyingi wanazozililia ni za muongo uliofuata. Les Wanyika nao walijitenga na Simba Wanyika mwaka huohuo wa 1978. Nimewawekea nafasi kwenye mkusanyiko wa miaka ya 80, watulie.

Kila bendi ilipata wimbo mmoja, isipokuwa Mbaraka Mwinshehe, ambaye ana mbili, na sikubali hoja yoyote dhidi ya hilo. Mmoja ni wa Morogoro Jazz, ya wakati ule walipokwenda Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70, na mwingine wa Super Volcano, bendi aliyoianzisha 1973. Alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari Mombasa, yaani muongo ule karibu wote ni wake. Nimeziweka mbalimbali, mmoja kila upande, ili usikilize jinsi gitaa lake lilivyobadilika. Afro 70 ya Patrick Balisidya, waliotuwakilisha Lagos kwenye FESTAC 1977, tamasha la sanaa za Waafrika, imefungua upande wa pili. NUTA Jazz imo, Tabora Jazz imo, Safari Trippers wamo na sauti ya Marijani Rajabu angali kijana. Maquis du Zaire nimewaweka baada ya Super Mazembe makusudi, Wakongo wa Dar wakiwajibu Wakongo wa Nairobi. Atomic imo kwa haki yake, na Jamhuri pia, ingawa mjomba aliniomba niifikirie upya.

Kwenye mpangilio nilishauriwa nianze na chemko ili watu wacheze mara moja. Hapana. Nimeanza na wimbo mtulivu kuliko zote, unaochukua muda wake kukueleza kisa, na chemko ya kwanza inakuja ukiwa umeshakaa. Baada ya wimbo mrefu nimeweka mfupi. Baada ya tarumbeta nyingi nimeweka bendi ya magitaa matupu. Sauti nimezisawazisha kwa sikio, kwa kuwa santuri moja ilichapwa kwa nguvu na nyingine kinyonge, na hutaki dereva awe anashika kitufe cha redio kila baada ya dakika tano. Wimbo mmoja uliotoka kwenye kaseti una sauti ya mtangazaji akiitaja bendi kabla gitaa halijaingia. Yeye nimemwacha.

Wanaoniomba nawapa kwenye flashi, bure, wote dakika 90 kwa mfululizo mmoja ili wasiruke wimbo. Nakala kubwa ambazo hazijabanwa ziko kwenye diski mbili, moja kwangu Dar na nyingine Ngamiani, ndani ya sanduku lilelile la santuri, na mjomba ameshaanza kutenga za miaka ya 80.