Haini ni tawasifu?

Leo mchana ubishi umezuka kati yetu wasomaji: Haini ya Adam Shafi ni riwaya au ni tawasifu, yaani maisha yake aliyoyaandika mwenyewe?

Waliosema ni maisha yake walikuwa na hoja. Karume, Rais wa Zanzibar, aliuawa Aprili 1972, Adam Shafi akawa miongoni mwa waliotiwa gerezani, na Haini (2003) ni kitabu cha gereza.

Lakini matukio kufanana hakutoshi.

Mhakiki Mfaransa Philippe Lejeune alitoa kipimo cha tawasifu mwaka 1975, na kwangu bado hakina mpinzani: tazama jina. La jaladani, la anayesimulia, la anayesimuliwa. Yote matatu yawe ya mtu mmoja.

Sasa shika Haini. Jaladani Adam Shafi, ndani anayeteseka ni Hamza. Hapo mwandishi hajakuahidi kwamba kila kofi lilipigwa kweli. Amejiachia nafasi ya kubuni, na ni haki yake.

Mbali na Nyumbani (2013) ni habari nyingine: kijana anayeondoka Zanzibar kutafuta masomo Ulaya ni Adam mwenyewe.

Na msimulizi kujiita "mimi" kusiwababaishe! Riwaya tele zina "mimi" ambaye hajawahi kuzaliwa.

Kinachonitatiza ni ushairi. Watunzi wengi wa tenzi hujitaja kwenye beti za mwisho, ila hiyo ni saini tu, kama ya fundi chini ya kasha.

Basi Utenzi wa Mwana Kupona (1858), mama mgonjwa akimuusia binti yake, ninyi mnauweka rafu gani?