Namba Saba Ina Vichwa Viwili

Kwenye grupu la ukoo umeanza mchango wa vigae. Makaburi yetu yote ya Ugweno, kwetu milimani Upare, yafunikwe vigae vyeupe, kila moja na kibao chake cha marumaru, eti kwa sababu wale wa kitongoji cha juu wamefanya hivyo Krismasi iliyopita. Mweka hazina ametuma namba ya kupokelea pesa na chini yake akanitaja mimi: "Dada, tuma ile orodha yako. Fundi anataka majina na miaka."

Nimetuma. Yote yameenda, isipokuwa namba saba. Fundi wa marumaru hutengeneza kibao kimoja kwa kaburi moja, na anataka kujua kinakaa upande gani.

Orodha yenyewe ni ya mwaka ule wa X nyekundu, 2014. Wapimaji wa barabara walipita na kopo la rangi wakachora X kwenye ukuta wa duka, kwenye mparachichi, na kwenye kaburi la babu, lililo karibu kuliko yote na barabara. Baba mkubwa akanipigia simu usiku, naye si mtu wa kupiga simu usiku. "Wamemsahihisha babu yako kama daftari la shule," akasema. "Njoo."

Wengi wetu tulikuwa hatujui hata kama kuna sheria. Ipo, sheria ya kuhamisha makaburi, tangu 1969. Fidia yake haimlipi marehemu wala machozi ya mtu. Inalipa gharama za kufukua, kusafirisha, kuzika upya na matambiko yanayoendana na kazi hiyo. Na Sheria ya Barabara ya 2007 ilikuwa imetanua hifadhi kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, hivyo watu na wafu waliokuwa nje ya mstari wakajikuta ndani. Mthamini alitaka orodha: nani amelala wapi, alikufa lini, nani anamsimamia. Asiye kwenye orodha hahamishwi. Anapitiwa na greda.

Basi nikapanda, na daftari na kalamu ya risasi, maana wino na ukungu wa kule juu havipatani.

Makaburi yako chini ya nyumba, katikati ya mibuni ambayo hakuna aliyeipogoa tangu kahawa ilipokosa bei. Mibuni ikiachwa inakuwa miti. Masale yaliyopandwa kuonyesha pembe za makaburi yalikuwa yamezaana hadi yakafanya ukuta, na ndani ya ukuta huo ndimo ukoo wetu ulimokuwa. Tulikuwa wanne: mimi, Baba mkubwa, ambaye ni mwalimu mstaafu, Shangazi, na kijana wa baba mdogo aliyeshika kwanja na kulalamikia siafu tangu asubuhi.

Shangazi ni Mwislamu, Baba mkubwa ni Mlutheri wa Shigatini. Baba zao walikuwa ndugu wa tumbo moja. Ndivyo tulivyo Washana wa kwetu: ukoo wa wahunzi, nyumba hii msalaba, nyumba ile mwezi, na Idi na Pasaka sufuria la pilau ni lile lile.

Safu ya mwisho kwenye daftari, "kichwa kiko upande gani", aliidai Shangazi. Mthamini hakuiomba. "Wakija kufukua bila kujua kichwa kiliko," alisema, "watamchoma mtu sururu usoni." Hakuna aliyebisha. Na kwetu jambo hilo si dogo. Kibla cha Upare ni kaskazini, kwa hiyo Mwislamu hulazwa kwa ubavu wa kulia, uso kaskazini, kichwa mashariki. Walutheri wetu hulazwa chali, kichwa magharibi, ili siku ya ufufuo wainuke wakitazama macheo. Kwa hiyo makaburi yote yamelala mstari mmoja, mashariki na magharibi, na ukitazama matuta tu huwezi kujua nani ni nani. Mpaka uone alama ya kichwani.

Yaliyosomeka tuliyamaliza upesi. Saruji ya miaka ya sitini na sabini iliandikwa ingali mbichi, kwa msumari au kijiti, na msumari hauna adabu. Kaburi moja lina S.L.P. ya Mwanga, sijui nani alitarajia barua. Jingine, jina la fundi ni kubwa kuliko la marehemu. Babu ana "UFU. 14:13" peke yake, bila neno hata moja; aliyemzika alidhani kila apitaye amebeba Biblia. Namba tano imeandikwa AMEZARIWA, na hapo Baba mkubwa akaanza kuhangaika. Aliniambia niandike kwa L. Nikamwambia naandika jiwe linavyosema. Akasema jiwe halijasoma. Tukaliacha hivyo, lakini kila nilipofungua ukurasa ule nilimwona anautupia jicho.

Miaka ya kuzaliwa ilikuwa taabu zaidi. Kwenye mawe mengi hakuna, na alipoulizwa, Baba mkubwa alipima kila mtu kwa mbiru. Huyu alizaliwa kabla ya mbiru. Huyu alikuwa anatambaa wakati wa mbiru. Ndiyo ile kodi iliyowafanya Wapare wateremke milimani kwa maelfu kwenda kuikataa, kati ya 1944 na 1947, na wanawake nao wakaandamana. Namba nne alikuwa mmoja wa wanawake hao. Jiwe lake halisemi. Linasema tu MKE WA, kisha jina la mwanamume. Niliandika la jiwe kwenye safu yake, na la Baba mkubwa pembeni kwa herufi ndogo.

Namba saba tuliijua wote. Mama yake babu. Msalaba wa saruji uliolala upande kidogo, jina lake la ubatizo kwa herufi kubwa, na tarehe: 7.3.1958. Niliandika bila hata kuinama, kichwa magharibi, nikageuza ukurasa.

Kijana alikuwa anafyeka masale ya upande wa pili, upande wa miguu, kwanja likalia *nga*. Akapiga tena. Akaliweka chini akaanza kufukua kwa mikono, na kwa mara ya kwanza siku ile hakutaja siafu.

Lilikuwa jiwe la kawaida la mlimani, bapa, limesimamishwa, udongo umelifikia karibu na ncha. Tulifukua mpaka kina cha kiwiko. Limejaa kuvu la kijani na madoa meupe yaliyokauka. Nikalimwagia maji, nikasugua taratibu kwa brashi ya viatu. Jua la saa sita lilikuwa utosini na jiwe halikuonyesha kitu, mikwaruzo tu. Nilimtuma kijana akalete kioo cha kunyolea cha Baba mkubwa.

Kwa wasiowahi kuifanya kazi hii: mwanga uliotawanyika, au unaolipiga jiwe usoni moja kwa moja, huua maandishi yaliyochakaa. Unautaka uje kwa ubavu, upite juu ya jiwe karibu sambamba nalo, ili kila mkwaruzo ujaze kivuli chake. Kijana alisimama mahali jua lilipopenya kati ya mibuni, akalinasa kwenye kioo, akalirusha. Kwanza lilimpiga Baba mkubwa machoni. Kisha begani kwangu. Kisha likateremka likatambaa juu ya jiwe, na jiwe likaota mistari.

Chini kabisa niliona mstari uliosimama. Kando yake alama yenye meno. Kisha V. Kisha V nyingine.

"Mtu kapiga tiki," alisema kijana. Mkono ukamtikisika, vyote vikapotea.

"Tulia," alisema Shangazi. Alikuwa nyuma yangu. Alikunja kanga akapiga magoti kwenye udongo uleule tuliofukua, akaweka kidole cha shahada kwenye ule mstari uliosimama, akakipitisha polepole mpaka V ya mwisho. "Elfu moja mia tatu sabini na saba," akasema. Kisha akahamia juu, na sasa kidole kikaanzia kulia. Hapo alichelewa. Herufi mbili zilikuwa zimekatika. Alirudi nyuma, akajaribu tena, midomo ikicheza bila sauti, jinsi anavyofundishwa mtoto wa chuoni kuunganisha irabu. Alisoma neno Shaabani. Alisoma *binti*. Kabla ya *binti* palikuwa na jina, na lile jina hakulisoma kwa sauti. Alinigeukia tu, akanitazama, akamtazama Baba mkubwa.

Lilikuwa jina la mama yake babu, la nyumbani kwao Usangi, kabla hajaolewa huku. Majina yake yote mawili nayaacha kwenye daftari.

Nilitafuta kwenye simu, nikipanda juu ya tuta kusaka mtandao. Mwaka 1377 ulianza Julai 1957. Shaabani yake ilikuwa kati ya mwishoni mwa Februari na baada ya katikati ya Machi 1958, na tarehe saba ya msalabani inaangukia katikati yake. Mawe mawili yasiyoelewana kwa jina wala kwa dini, kwa siku ya kifo yameafikiana bila taabu.

"Sasa kichwa kiko wapi?" aliuliza kijana, na mimi nilikuwa nimeombea asiulize.

Baba mkubwa alisema magharibi. Msalaba ule hapo, mwanangu, una macho. Shangazi alisema mashariki; na jiwe je? Msalaba hupandwa hata baada ya mwaka. Na jiwe pia, akajibu Baba mkubwa. Shangazi alisema bibi alifunga Ramadhani zake zote za mwisho kwa mwanawe mdogo, baba yake Shangazi. Baba mkubwa alisema alishiriki meza ya Bwana Krismasi yake ya mwisho na mwanawe mkubwa, na hilo alihadithiwa na babu kwa kinywa chake. Yote mawili yanawezekana. Nina shangazi wengine walioishi hivyo na wala hawakuona tatizo.

Siku ya maziko Baba mkubwa alikuwa na umri wa miaka minane. Nikamwuliza aliona nini. Alisema watoto walipewa vibuyu wakapelekwa mferejini kuteka maji, wakaambiwa wasirudi mpaka waitwe. Walikaa huko muda mrefu. Walisikia sauti za wanaume wawili, moja ya baba yake. Waliporudi udongo ulikuwa umekwisha kufukiwa, na wale ndugu wawili wamekaa kwenye gogo moja wanavuta sigara.

Shangazi hakuwa amezaliwa. Na wanaojua, akasema Baba mkubwa akionyesha kwa kidevu, wako namba mbili na namba tisa.

Kulikuwa na njia moja ya kujua, na hakuna aliyeitaja. Kama greda lingekuja, kaburi lingefunguliwa, mbele ya mashahidi, kwa gharama za serikali. Nilimwona Baba mkubwa anaitazama barabara, na Shangazi anaitazama pia, na kwa dakika moja hivi naapa wote wawili waliitamani ipite.

Nikaandika "magharibi/mashariki". Baba mkubwa alisema mkwaju si jibu, akiwa darasani angetoa sifuri. Nikamwambia tena kuwa naandika jiwe linavyosema, na hapa mawe ni mawili.

Ofisini ilikuwa kazi ya dakika chache. Yule kijana wa mapokezi aliinakili orodha kwenye fomu zake, na alipofika namba saba akakuta fomu ina chumba kimoja cha dini. Akaniuliza. Nikaanza kueleza. Akaniangalia, akaangalia foleni nyuma yangu, akaandika kistari. Barabara yenyewe haikupita kwetu, mradi ulibadilishwa ukashuka upande wa bondeni, na X ya kaburi la babu ikaliwa na mvua za masika mbili tatu. Sasa ndiyo kumekuja vigae. Kwenye grupu mmoja wa vijana, ambaye sijui hata kama amewahi kufika, kashauri kibao kiwekwe katikati. Juu ya tumbo. Sijamjibu, na mbaya zaidi sijapata wazo bora kuliko lake.

Jioni ile ya kioo, tulipomaliza, tulikaa barazani tunakula makande. Hakuna aliyeitaja namba saba. Ziwa Jipe lilikuwa limeanza kupoteza rangi kule chini, na Baba mkubwa alikuwa analisoma daftari langu kwa miwani, kalamu nyekundu mkononi, bila kuandika kitu. Shangazi akamwuliza, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, kama yeye ameshasema anataka alazwe vipi, ili watoto wasije kusumbuka.

"Mimi mnizike nimekaa," alisema Baba mkubwa. "Niwaone mnavyogombana."

Tulicheka mimi na kijana. Shangazi hakucheka. Alinisogezea kalamu ya risasi.

"Liandike hilo," akasema, "na tarehe. Huyu atakuja kulikana."