Pango la fremu Mwanza: VAT, zuio na risiti ya kudai kabla hujalipa

Ukishalipa pango la mwaka mzima, huna tena cha kumshikia mwenye nyumba. Kwa hiyo mambo ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) na risiti yazungumzwe siku ya kuandika mkataba, fedha zikiwa bado mkononi mwako, iwe unachukua fremu Makoroboi, ofisi Barabara ya Kenyatta au ghala la dagaa Mwaloni, Kirumba.

Kwanza, nani anatoza. Pango la makazi limesamehewa VAT. Pango la duka, ofisi au ghala linatozwa VAT, kwa kawaida 18%, ila kwa sharti moja: mwenye jengo awe amesajiliwa. Tangu Julai 2023, anayelazimika kusajiliwa ni mwenye mauzo yanayofika shilingi milioni 200 kwa miezi 12. Kabla ya hapo ilikuwa milioni 100. Jengo la fremu kumi za 600,000 kwa mwezi linaingiza milioni 72 kwa mwaka, na mwenye jengo hilo pekee halazimiki. Lakini kinachopimwa ni mtu, si jengo. Mzee huyohuyo akiwa na duka la vifaa vya ujenzi Igoma kwa jina lake, mauzo ya huko yanajumlishwa na pango.

Asiyesajiliwa haruhusiwi kukudai hata shilingi moja kwa jina la VAT. Akikuambia “pango ni milioni moja na VAT juu,” muombe cheti cha usajili chenye VRN (namba ya usajili wa VAT), usome jina lililomo, kisha ulilinganishe na jina la kwenye mkataba. Hana cheti, hakuna 18%.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo watu wengi wanapotea. Chukua pango la 1,000,000 kwa mwezi kabla ya VAT, linalolipwa kwa mwaka mzima. Pango ni 12,000,000, VAT ni 2,160,000, jumla 14,160,000. Mpangaji wa biashara anatakiwa pia kukata kodi ya zuio ya 10%, na hiyo inakatwa kwenye pango bila VAT: 1,200,000. Mwenye nyumba anapokea 12,960,000. Wewe unapeleka TRA (Mamlaka ya Mapato) ile 1,200,000 ndani ya siku 7 baada ya mwezi wa malipo kuisha. Wapo wanaokata 10% ya 14,160,000, wakaishia kumpunja mwenye nyumba 216,000. Hiyo 216,000 ni sehemu ya VAT ambayo yeye anapaswa kuiwasilisha yote, na ugomvi unaozaliwa hapo ni wa haki kabisa.

Zuio linamhusu mpangaji yeyote wa biashara, hata asiyesajiliwa VAT. Usipokata, TRA itakudai wewe, na utalipa kwa fedha yako kwanza ndipo uanze kumfuata mwenye nyumba. Wazee wengi wakisikia makato hudhani wanapunjwa. Mweleze kwa utulivu: “Shikamoo mzee. Hii milioni moja na laki mbili sijaichukua mimi. Nimekulipia TRA kwa TIN yako, na cheti cha zuio ni hiki hapa, kitunze.” Kwake inahesabika kuwa kodi ya mapato aliyokwisha kulipa. Cheti hicho mpelekee kweli. Mpangaji anayekata halafu hapeleki cheti ndiye anayewaharibia wenzake.

Ukilipa mwaka kwa mkupuo, VAT ya mwaka mzima inadaiwa mwezi huohuo, na ritani yake, yaani taarifa ya VAT ya mwezi, inawasilishwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mwenye nyumba hawezi kuigawa vipande kumi na viwili. Na wewe, kama umesajiliwa, unajirudishia yote kwa mara moja, mradi risiti unayo. Ukichelewa kuidai kwa zaidi ya miezi sita, haki hiyo inapotea.

Risiti yenyewe lazima iwe ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi. Karatasi ya kitabu yenye muhuri haikusaidii. Kabla mashine haijachapa, taja TIN na VRN yako, kwa sababu haziongezwi baadaye, na risiti iliyokwisha kutoka haifutiki. Marekebisho yana taratibu zake na huchukua muda. Ikitoka, angalia jina na TIN ya mwenye nyumba, VRN yake, tarehe, kiasi, VAT iliyooneshwa peke yake, na msimbo wa uhakiki. Hakiki msimbo huo kwenye tovuti ya TRA palepale, kabla hujaaga. Kisha toa nakala au ipige picha: karatasi ya EFD hufifia kwa joto, na kumbukumbu za kodi unatakiwa kuzitunza miaka 5.

Nyumba za urithi zinahitaji uangalifu wa ziada. Mkataba umesainiwa na kaka mkubwa, fedha zinaingia akaunti ya dada, risiti inatoka kwa jina la marehemu. Hapo hata gharama ya pango yenyewe inaweza kukataliwa kwenye hesabu zako. Dai barua ya msimamizi wa mirathi, na jina lake ndilo liwe kwenye mkataba, akaunti na risiti.

Kama unauza vitu vilivyosamehewa, mahindi ghafi kwa mfano, VAT ya pango hairudi. Ihesabu kama gharama na ujadili bei upya. Msindikaji wa minofu ya sangara anayeuza nje yuko kinyume chake: mauzo yake yanatozwa 0%, kwa hiyo kila risiti ya pango ni fedha ya kudai kurejeshewa.

Mkataba ulipiwe ushuru wa stempu ndani ya siku 30 tangu usainiwe. Ushuru wa stempu ni 1% ya pango la mwaka. Na ndani yake kiandikwe kifungu kimoja kisicho na utata: “Pango ni shilingi kadhaa bila VAT, VAT italipwa tu mpangishaji akiwa amesajiliwa na dhidi ya risiti ya EFD, zuio litakatwa kwa mujibu wa sheria.” Mkataba ukinyamaza, bei iliyoandikwa huchukuliwa kuwa VAT imo ndani, yaani katika 1,000,000 kuna VAT ya 152,542. Mwenye nyumba akisajiliwa katikati ya mkataba wa namna hiyo, VAT hiyo inatoka mfukoni mwake, si mwako.