Kumbe hawajui Jirongo ni mtu

Nimerudi Nairobi wiki ya pili sasa, nilitoka 2004, na kilichonishtua si barabara wala magorofa. Juzi nimepanda matatu nikampa makanga noti ya 500 ya zamani, ile ya Mzee Kenyatta, nimekaa nayo kwa waleti miaka yote hiyo, kijana akaigeuza geuza akacheka, "Mzae, hii jirongo umeitoa wapi?" Wueh! Mi nilidhani hilo neno lilizikwa kitambo. Alafu akaniambia hana chenji nitume tu kwa simu.

Jioni namsimulia mtoto wa dadangu, yuko chuo, ananiuliza, "Kwani Anko, Jirongo ni mtu?"

Nikakaa chini.

Desemba 1991 kifungu cha 2A cha katiba, kile cha chama kimoja, kilitolewa, vyama vingi vikarudi, na Rais Moi akaingia 1992 na uchaguzi si wa mchezo. Ndio wakatokea YK'92 (Youth for KANU '92), vijana wa KANU, chama cha Moi, mwenyekiti wao Cyrus Jirongo, kijana wa miaka thelathini na kitu tu. Pesa ilimwagwa kwa kampeni, na noti iliyokuwa inaonekana kila mahali ni hiyo ya 500, ilikuwa imetoka tu 1988 na hakukuwa na kubwa kuishinda, ya 1000, ile tunaita ngiri ama thao, ilikuja 1994. Watu wakaibatiza jirongo. Sura kwa noti ni ya Moi, jina mdomoni ni la Jirongo, na hakuna aliyeona shida! Shida ilikuja 1993, bei zikapanda zaidi ya asilimia 40 kwa mwaka, ukienda dukani na jirongo unarudi na kamfuko.

Sasa katiba ya 2010 ikakataza picha ya mtu kwa pesa, noti mpya zikatoka 2019 bila sura ya rais (ingawa watu bado walienda kortini juu ya ile sanamu ya Kenyatta pale KICC, jumba la mikutano lililochorwa kwa noti hizo). Kenyatta katolewa, Moi alishatoka kitambo, lakini Jirongo hakuwahi kuchapishwa kwa hiyo noti, sasa angetolewa na nani?

Nikamaliza hiyo hadithi yote nikidhani nimefunza mtu kitu. Kijana ametulia, anafikiria, kisha: "Sawa Anko, na huyu Ngiri wa thao alikuwa mbunge wa wapi?"